Ndugu yetu amefungwa Hong Kong kwa kosa la unga: je, anaweza kuhamishiwa gereza la nyumbani?

Binti wa Chumbageni ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba msaada wa mawazo, na hasa wa kisheria, katika jambo ambalo limeisumbua familia yetu kwa miaka sasa na ambalo ndani ya ukoo wenyewe tumegawanyika juu yake.

Mdogo wangu alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Hong Kong mwezi Machi 2019 akiwa na heroini ambayo, baada ya kupimwa maabara, ilionekana kukaribia kilo moja. Sehemu alikuwa ameimeza na sehemu ilikuwa imeshonewa ndani ya begi. Alikiri kosa mapema, na baada ya kukaa mahabusu kwa muda mrefu akahukumiwa kifungo cha miaka 14 na miezi 8. Hakukata rufaa. Sitaki kumtetea kwa alichokifanya, kwa kuwa yeye mwenyewe katika barua zake hajitetei. Aliahidiwa fedha ambazo angejengea nyumba, na mtu aliyemwahidi hadi leo anapita mjini na magari yake.

Kilichonifanya niandike ni habari za Indonesia, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 2024 imekuwa ikiwarudisha makwao wafungwa wa kigeni wa dawa za kulevya, wakiwamo waliokuwa wamehukumiwa kifo. Mama yetu alisikia habari hizo redioni, na tangu siku hiyo hana swali jingine ila hilo: kama wa wenzetu wamerudishwa, wa kwetu atarudishwa lini? Mama ana umri mkubwa na afya yake si nzuri. Baba mdogo anasema tuuze shamba tumlipe mtu atakayeshughulikia jambo hili wizarani, lakini shangazi anasema aachwe huko amalize adhabu yake, kwani ndugu wa kwetu hawakumtuma.

Naomba kujua, kwanza, kama Tanzania ina sheria inayoruhusu mfungwa aliyehukumiwa nje kuletwa kumalizia kifungo hapa. Tena naomba kujua ni nani anayepeleka maombi, kama ni sisi wanafamilia au ni yeye mwenyewe, na endapo akiletwa, ataachiwa au atapelekwa gerezani moja kwa moja. Nitashukuru nikijibiwa na mwenye kujua, hata kama majibu hayatatufurahisha.

Wakili wa Pwani amejibu:

Pole sana, dada. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili huelezwa vibaya hata magazetini, ambako uhamisho wa mfungwa huandikwa kana kwamba ni kuachiwa huru.

Uhamisho si msamaha. Hatia inabaki pale pale na hukumu inabaki pale pale. Kinachobadilika ni gereza ambamo mfungwa atamalizia kifungo chake. Masharti yake yamefanana katika sehemu nyingi za dunia kwa kuwa mengi yamechotwa katika mkataba mmoja, ule wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Strasbourg tarehe 21 Machi 1983, ambao uko wazi hata kwa nchi zisizo za Ulaya na ambao Mauritius, kwa mfano, ilijiunga nao mwaka 2004. Kwa mujibu wake, mfungwa awe raia wa nchi anayopelekwa, hukumu iwe ya mwisho na isiwe na rufaa inayosubiri, kifungo kilichobaki kisipungue miezi sita, kitendo chenyewe kiwe kosa katika nchi zote mbili, na nchi zote mbili zikubali. Juu ya hayo yote, mfungwa mwenyewe awe ameridhia. Jumuiya ya Madola nayo iliweka mpango wa namna hiyo huko Harare mwaka 1986, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya, katika ibara ya 6, unaziambia nchi kwamba zinaweza kufikiria kuwekeana makubaliano ya kuwahamisha wafungwa wa makosa hayo hayo. Tanzania ilitunga sheria yake ya kuhamisha wafungwa mwaka 2004, na Kenya ikatunga ya kwao mwaka 2015. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba sheria ipo.

Lakini sheria ya kwetu inaibana serikali ya kwetu tu. Serikali ya Tanzania haiwezi kuiamuru Hong Kong imtoe mfungwa wake, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wakidhani kwamba kwa kuwa uhusiano wetu na China ni mzuri basi neno moja la balozi litatosha. Hong Kong ina mahakama zake, sheria zake za jinai, na tangu mwaka 1997 ina sheria yake yenyewe ya kuhamisha wafungwa, chini yake ikiwa imefunga makubaliano na nchi kama Uingereza, Thailand, Ufilipino na India. Makubaliano na Beijing hayawi makubaliano na Hong Kong. Swali la kuipelekea Wizara ya Mambo ya Nje, kwa maandishi, ni hili moja: je, yapo makubaliano kati ya Tanzania na Hong Kong yenyewe, na kama hayapo, je, serikali iko tayari kuomba mpango wa mtu huyu mmoja?

Sasa, kabla hujauza shamba, naomba ukae na kalamu ufanye hesabu pamoja nami.

Mahakama za Hong Kong hufuata viwango vilivyowekwa na Mahakama ya Rufani, na viwango hivyo hupimwa kwa uzito wa unga halisi, si uzito wa mzigo mzima pamoja na vilivyochanganywa ndani yake. Kwa heroini inayozidi gramu 600 hesabu huanzia miaka 20, na kwa kiasi kinachokaribia kilo moja mtu huanzia kama miaka 22. Anayekiri mapema kabisa hupunguziwa theluthi moja, na ukiitoa theluthi katika miaka 22 unapata miaka 14 na miezi 8, yaani kifungo kile kile alichopewa mdogo wako. Maana yake ni kwamba alipata punguzo lote alilostahili, na wakili wake hakulala.

Hesabu haiishii hapo. Mfungwa mwenye tabia njema katika magereza ya Hong Kong hupunguziwa tena theluthi ya kifungo, na muda aliokaa mahabusu huhesabiwa ndani yake. Ukitoa theluthi katika miaka 14 na miezi 8, kinachobaki ni takriban miaka 9 na miezi 9. Alikamatwa Machi 2019. Kwa hiyo, kama hajaharibu mwenendo wake, anatazamiwa kutoka karibu na mwisho wa mwaka 2028. Yeye mwenyewe anaijua tarehe hiyo, kwa sababu wafungwa huko hujulishwa siku ya mapema zaidi wanayoweza kutoka. Mwandikie umuulize.

Linganisha na hali atakayoikuta nyumbani. Chini ya mfumo huo wa Strasbourg, mfungwa akishahamishwa, utekelezaji wa kifungo hufuata sheria za nchi iliyompokea, pamoja na kanuni za mapunguzo na za kuachiwa mapema, na nchi hiyo hairuhusiwi kumwongezea adhabu. Kwetu lipo punguzo la tabia njema, ni kweli. Lakini parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, haiwahusu waliofungwa kwa dawa za kulevya, na msamaha wa Rais unapotangazwa katika sikukuu za kitaifa, kwa kawaida wafungwa wa kosa hilo hutajwa miongoni mwa wasionufaika. Kwa lugha nyepesi, ni vigumu kuona njia ambayo kwayo uhamisho utamtoa mapema kuliko atakavyotoka akibaki pale alipo, na mazungumzo ya serikali mbili zisizo na makubaliano yanaweza kuchukua miaka mingi kuliko aliyobakiza. Maoni yangu ni kwamba shamba lisiuzwe.

Mzee wa Temeke amejibu:

Nawapongeza kwa lugha ya staha, ila naomba niseme ambalo wengi wanalifikiri na kulinyamazia. Kwangu asubuhi napita barabara inayopitwa na vijana wanaokwenda kunywa methadoni, dawa ya kuwasaidia waathirika waache heroini. Hospitali ya Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2011, ikiwa ya kwanza katika nchi za bara kusini mwa Sahara, na tuliambiwa ni jambo la kujivunia. Lakini ukitazama nyuso za vijana wenyewe, nguvu ya kujivunia inakwisha. Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu.

Heroini inaletwa na majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, inashushwa katika mwambao wetu, na sehemu yake inasafirishwa mbele na vijana kama huyu anayezungumziwa hapa. Inayobaki njiani ndiyo inayowaua wa kwetu. Sasa serikali ambayo haijamaliza kuwatibu walioharibika itumie fedha, maana gharama za kumsafirisha mfungwa na askari wanaomsindikiza kwa kawaida hubebwa na nchi inayompokea, kwa ajili ya kumsogeza karibu na mama yake mtu ambaye aliujua mzigo aliobeba? Magereza yetu yamejaa. Kuna mahabusu wanaolala kwa zamu ambao mahakama haijawahi kuwatia hatiani.

Simchukii mdogo wako, dada. Nasema tu kwamba foleni ya wanaostahili huruma ya dola ni ndefu, na sioni kwa nini yeye atangulizwe.

Niliyerudi amejibu:

Mzee wa Temeke, shikamoo. Sitabishana nawe kuhusu foleni. Nataka kuzungumza na dada aliyeuliza, kwa sababu mimi nimekaa ndani huko Hong Kong, upande wa wanawake, nikamaliza na kurudi. Kosa langu lilikuwa hilo hilo.

Dada, katika yote uliyoyaandika hukusema mahali popote kwamba mdogo wako ameomba kurudishwa. Umesema mama anataka, baba mdogo anataka, shangazi hataki. Yeye je?

Nakuuliza kwa sababu wakati wangu yalikuwepo mazungumzo hayo hayo miongoni mwetu Waafrika Mashariki, na wengi wetu, tukiwa peke yetu, tulikuwa tunasema hatutaki. Mtu wa nje hawezi kuelewa kirahisi. Gereza la ugenini lina upweke wake: lugha si yako, chakula si chako, mgeni anayekuja kukuona ni padri au mtu wa kujitolea, na taarifa ya msiba inakufikia wenzako nyumbani wakiwa wameshamaliza arobaini. Nililia sana siku niliyosoma kwamba mama yangu ameshazikwa. Lakini ndani ya upweke huo kulikuwa na mpangilio. Tulifanya kazi, tukalipwa ujira mdogo uliotutosha kununua sabuni na vitu vidogo vidogo, tukapata matibabu, na hakuna aliyekuwa akijua jina la tajiri aliyenituma.

Hilo la tajiri ndilo linalowatisha wengi. Mtu akikamatwa na mzigo, kuna anayemdai. Wapo wenzetu ambao ndugu zao waliwekwa bondi, yaani kushikiliwa kama rehani, Pakistan hadi mzigo ulipwe, na huwezi kumwambia mwenye mzigo kwamba ulichukuliwa na forodha akakuelewa. Kuna pia waliozungumza. Mwaka 2013, Padri John Wotherspoon, Mwaustralia aliyekuwa akiwahudumia wafungwa wa Hong Kong, alichapisha mtandaoni barua za Watanzania waliokuwa ndani, wakiwaonya vijana wa nyumbani wasibebe, na katika barua hizo hawakuficha namna walivyotumwa. Barua zile naamini ziliokoa watu, kwa sababu mimi nilizisikia nikiwa nimechelewa, na nilijuta kwamba hazikunifikia mapema. Sasa mfikirie aliyeandika barua ya namna hiyo, kisha aambiwe anahamishiwa gereza la nyumbani, ambako ndugu wa aliyemtaja wanaweza kuingia siku ya kutembelea wafungwa wakiwa na mfuko wa matunda.

Sisemi kwamba mdogo wako ndivyo alivyo. Huenda anatamani kurudi kuliko kitu chochote. Nasema muulizeni kwa namna ambayo itampa nafasi ya kukataa bila kuonekana hampendi mama yake, na mkumbuke kwamba barua zinasomwa, kwa hiyo sababu zake zote hatazitaja.

Kuhusu mama, nakubaliana na wakili. Fedha za shamba, kama lazima zitumike, zimpelekee mtoto wake simu na barua, na kama afya inaruhusu, mtu mmoja wa familia aende akamwone. Ziara moja ya ndugu ingenitosha mimi kwa mwaka mzima.

Mkaazi wa Kisauni amejibu:

Nachangia kutoka Mombasa, kwa kuwa Indonesia imetajwa na naona inatajwa nusu nusu.

Ni kweli kwamba tangu Rais Prabowo Subianto aingie madarakani Oktoba 2024, serikali yake, kupitia waziri Yusril Ihza Mahendra, imewarudisha wafungwa kadhaa. Waaustralia watano waliobaki katika kundi la Bali Nine, lililokamatwa mwaka 2005 na kilo 8.3 za heroini, walifika kwao tarehe 15 Desemba 2024. Siku tatu baadaye akarudi mama wa Kifilipino aliyekuwa amehukumiwa kifo tangu mwaka 2010. Februari 2025 akarudi Mfaransa, na Novemba mwaka huo huo bibi wa Kiingereza aliyekuwa mgonjwa. Lakini tazameni walichokikuta walikofika. Waaustralia walishuka ndege wakiwa watu huru. Mfaransa alipelekwa gerezani, mahakama ya kwao ikaigeuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha miaka 30, na baada ya miezi michache, Julai 2025, akatoka kwa parole kwa kuwa alishakaa ndani karibu miaka 20. Mama wa Kifilipino alitolewa uwanja wa ndege akapelekwa gereza la wanawake la Mandaluyong, na sherehe iliyokuwa ikisubiriwa na wanawe ikawa ni ziara ya gerezani. Nchi iliyowatoa ni moja na kosa ni la namna moja, ila majibu yalikuwa matatu, kwa sababu kila nchi iliyowapokea ilikuwa na sheria yake na siasa yake.

Na siasa ndilo neno lenyewe. Indonesia haikuwa na sheria ya kuhamisha wafungwa ilipofanya hayo. Iliandikiana na kila serikali makubaliano ya utekelezaji kwa kesi moja moja. Waliorudi wengi ni wa nchi ambazo kwa miaka yote hiyo marais na mawaziri wao walikuwa wakiulizia. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2015, katika kisiwa cha Nusakambangan, walipigwa risasi watu wanane, na dunia inawakumbuka Waaustralia wawili, Andrew Chan na Myuran Sukumaran. Wanne kati ya wale wanane walikuwa watu wa Afrika Magharibi. Mwaka uliofuata, Julai, waliuawa wanne, na watatu wao walikuwa Waafrika. Ni nani anayekumbuka majina yao?

Huku kwetu Kenya jambo limetugonga Machi 2025, wakati mahakama ya Ho Chi Minh ilipomhukumu kifo dada yetu aliyekamatwa Julai 2023 na zaidi ya kilo mbili za kokeini. Sheria ya Vietnam wakati huo iliruhusu adhabu ya kifo kuanzia gramu 100 za dawa hiyo. Wakenya wakaamka, maombi yakasainiwa mtandaoni, serikali ikasema inazungumza na Hanoi. Nilijiuliza tulikuwa wapi miezi ishirini kabla ya hukumu, wakati ambapo wakili mzuri na mkalimani mzuri vingeweza kubadilisha kitu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi, katika ibara ya 36, unampa mtu aliyekamatwa ugenini haki ya ubalozi wake kujulishwa bila kuchelewa, na unampa afisa wa ubalozi haki ya kumtembelea na kumtafutia mwakilishi wa kisheria. Nguvu tunayoiweka katika kuomba warudishwe ingewafaa zaidi kama ingetumika katika juma la kwanza la kukamatwa kwao.

Mzee wa Temeke, nakuheshimu, lakini mtu wa chini aliyebeba si yule aliyewatia vijana wako katika foleni ya methadoni. Hapa Mombasa tuliwaona wana wa Akasha, vigogo wa biashara ya dawa za kulevya, wakiishi kama masultani hadi walipopelekwa Marekani Januari 2017, na ilibidi mahakama ya New York ndiyo iwape miaka 25 mmoja na 23 mwingine. Mahakama za kwetu zilikuwa na kesi yao tangu 2014.

Mzee wa Temeke amejibu:

Hilo la Akasha sina jibu nalo. Hata hivyo, kubeba ni kubeba.

Binti wa Chumbageni ameandika:

Nawashukuru nyote, pamoja na Mzee wa Temeke, ambaye maneno yake ni karibu yale yale ya shangazi yangu, na sasa naona kwamba shangazi naye ana mtoto anayemlilia kimya kimya.

Dada uliyerudi, umenishika pabaya. Ni kweli, hatujamuuliza. Katika barua zake huandika kuhusu afya, kuhusu kazi ya ufundi anayofundishwa na kuhusu watoto wa kaka yetu. Kuhusu kurudi hajawahi kuandika neno, nasi tulichukulia kwamba ni kwa sababu hajui kama inawezekana. Nimemwandikia jana, nikamweleza hesabu ya wakili, nikamwambia kwamba akitaka tuombe tutaomba na asipotaka hakuna atakayemuuliza sababu. Mama nimemwambia mwaka 2028. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua ni Ramadhani ngapi.

Nina maswali mawili ya mwisho kwa wakili. Mtu aliyeletwa na baba mdogo anasema ana jamaa yake katika idara inayohusika na kwamba kwa malipo ya awali faili litafunguliwa. Je, kuna malipo ya namna hiyo? Na je, akimaliza kifungo chake, kuna jambo lolote tunalopaswa kulifanya sisi, au atawekwa tu katika ndege?

Wakili wa Pwani amejibu:

Dada, kwa la kwanza, mwambie baba mdogo asitoe hata shilingi. Maombi ya uhamisho ni mawasiliano ya serikali kwa serikali, na huanza kwa mfungwa kueleza nia yake kwa uongozi wa gereza alilomo au kwa ubalozi wake. Hakuna faili linalofunguliwa kwa malipo ya mkononi, na anayedai lipo aombwe akuandikie kwa karatasi yenye anwani na muhuri, utaona atakavyopotea. Barua yenu iende kwa Wizara ya Mambo ya Nje, nakala kwa ubalozi wetu Beijing, ikiwa na jina lake kamili, namba yake ya mfungwa, tarehe ya hukumu na nakala ya hati ya kusafiria kama mnayo. Hata kama hamtaomba uhamisho, barua hiyo ina faida, kwa sababu itaufanya ubalozi ujue kwamba mtu huyu yupo na ana watu wanaomuulizia.

La pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mgeni anayemaliza kifungo Hong Kong hakabidhiwi mtaani. Hukabidhiwa kwa idara ya uhamiaji ili aondolewe nchini, na asipokuwa na hati halali ya kusafiria anaweza kuendelea kushikiliwa katika kituo cha uhamiaji hadi ipatikane. Pasipoti aliyokamatwa nayo mwaka 2019, kama ilitolewa mwaka huo au kabla, huenda muda wake ukawa umekwisha au unakaribia kwisha siku atakapotoka. Kwa hiyo mwulizeni pasipoti iko wapi na inakwisha lini, na ikiwa itakuwa imekwisha, ombeni ubalozi uanze kushughulikia hati ya dharura ya kusafiria miezi sita au zaidi kabla ya tarehe yake ya kutoka. Watakaposhughulikia watahitaji uthibitisho wa uraia, na mtu aliyekaa ndani karibu miaka 10 hana karatasi. Cheti chake cha kuzaliwa, kama kipo kwa mama, kitoeni nakala iliyothibitishwa na mwanasheria sasa hivi, na kama hakipo, nendeni RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, mkaanze kukitafuta wiki hii.